Kebo ya kikidauni kwa Toyota otomatiki za zamani: orijino, mtumba au kopi?

Giaboksi otomatiki ya zamani ikianza kuchelewesha gia, au kuziingiza mapema mno hadi gari linazubaa mlimani, mkono wa fundi huenda kwanza kwenye nati mbili zilizo ubavuni mwa throtoli, yaani mlango wa hewa wa injini. Hapo ndipo inaposhikwa kebo ya kikidauni, yaani kushuka kwa gia ukikanyaga mafuta hadi mwisho. Wengine huiita waya wa gia, wengine kebo ya presha, na hilo la mwisho ndilo jina lililo karibu na ukweli. Hiyo ndiyo spea tunayoipima hapa: kebo ya Toyota za miaka ya 1980 na 1990, kuanzia Corolla AE100 hadi Hilux Surf na Prado za injini ya 1KZ-TE.

Kwenye maduka ya spea ya Gerezani pale Dar es Salaam, Kirinyaga Road mjini Nairobi au Kisekka kule Kampala utapewa moja kati ya aina tatu. Kuna orijino mpya, ambayo namba yake ya Toyota huanza na 35520. Kuna mtumba, iliyong'olewa na giaboksi yake na kuja kwenye kontena kutoka Japani au kupitia Sharjah. Halafu kuna kopi, mpya lakini ya kiwanda kisichojulikana, zile ambazo mtaani huitwa mchina hata kama hazikutoka China. Kopi ndiyo ya bei ya chini, orijino ndiyo ya juu, mtumba iko katikati.

Kwa mwenye haraka: nunua orijino ikipatikana. Ikikosekana, mtumba iliyokuja na giaboksi yake inashinda kopi nzuri. Kopi ina sharti la kwanza, kwamba stopa yake, ushanga mdogo wa chuma kwenye waya wa ndani, haijabanwa. Sababu ya sharti hilo ndiyo kiini cha habari yote, maana kebo hii haiharibu giaboksi kwa kukatika tu. Mara nyingi inaiharibu ikiwa nzima, ikiwa imefungwa milimita tano au sita mahali pasipo pake.

Kazi yake

Ukikanyaga mafuta, throtoli inafunguka na kuvuta kebo. Upande wa pili, juu ya sampo (bakuli la mafuta) ya giaboksi, kebo inazungusha kamu ndogo iliyo kwenye vali bodi, bamba lenye vali na njia za mafuta. Kamu inasukuma plagi, plagi inabana springi, springi inasukuma vali ya throtoli. Mafuta yanayopita hapo yanapeleka habari kwa vali kuu ya presha kwamba mzigo umeongezeka, na vali kuu inapandisha presha ili klachi na breki za ndani zibanwe kwa nguvu zaidi zisiteleze. Kazi ya kwanza ya kebo, basi, ni presha. Muda wa kubadili gia ni kazi ya pili, na si kila giaboksi imeipa kebo kazi hiyo.

Mafundi wengi huteleza hapo. Giaboksi kama A43D, A45DL ya Hiace, A132L, A240L na A440F ya Land Cruiser zinaendeshwa na mafuta matupu, bila komputa. Ndani yake kuna gavana kwenye shafti ya kutokea, na presha ya gavana hupanda kadiri gari linavyokimbia. Presha ya throtoli inatoka upande mwingine. Vali ya kubadili gia imekaa katikati ya presha hizo mbili kama kamba kwenye mchezo wa kuvutana: gavana akishinda, gia inapanda, mguu ukishinda, gia inabaki au inashuka. Kwenye hizi, kukaza kebo kunachelewesha gia na kuilegeza kunaiwahisha, waziwazi, na ukigeuza nati mizunguko miwili dereva atajua kabla hajafika kona ya kwanza.

Kwenye A140E, A245E, A340E, A540E na ndugu zao mambo ni mengine. Anayeamua gia iingie lini ni komputa, ikisoma sensa ya throtoli na sensa ya spidi, kisha inawasha na kuzima solenoidi (vali ndogo za umeme) namba 1 na namba 2. Ya tatu ni ya lokapu, ile klachi inayofunga konvata, tungi la mafuta kati ya injini na giaboksi, isiteleze. Kebo inabaki na presha peke yake. Ukiikaza kwenye giaboksi hizi, gia itaingia palepale ilipokuwa ikiingia, ila kwa kishindo. Ukiilegeza, itaingia kwa ulaini wa kupendeza, na ulaini huo ni klachi inayosagika. Usidanganywe na herufi ya mwisho pia: F na H zinasema habari za magurudumu manne, hazisemi habari za umeme. A343F ya Prado ni ya komputa, A440F siyo. Njia rahisi ya kutofautisha ni kitufe cha PWR au ECT karibu na gia au kwenye dashibodi. Kikiwepo, komputa ipo.

Kuikagua kaunta

Shika kebo mkononi na utazame upande wa throtoli. Kwenye waya wa ndani, karibu na mdomo wa ala ya nje penye buti ya raba, kuna kipande cha chuma kidogo kama ushanga. Hiyo ndiyo stopa. Kwenye orijino mpya ushanga huo unateleza juu ya waya. Umeachwa hivyo makusudi, kwa sababu mahali pake hapajulikani mpaka kebo iwe imeshafungwa ndani ya giaboksi. Kwenye kebo iliyokwisha kutumika, stopa imebanwa na haisogei.

Ukikuta kopi mpya ambayo stopa yake imeshabanwa, irudishe. Aliyeibana kiwandani alikisia, na kipimo chote cha marekebisho kinasomwa kutoka kwenye ushanga huo. Utafunga kebo, utapima, utapata 1 mm kama kitabu kinavyotaka, na presha itakuwa si yenyewe hata kidogo. Haya ndiyo makosa yanayomchosha fundi mwangalifu, kwani kila anachokipima kinaonekana sawa.

Mtumba haina tatizo hilo. Stopa ilibanwa kwa kufuata kamu na vali ya giaboksi ya aina ileile, kwa hiyo ikienda kwenye giaboksi ya namba hiyohiyo kipimo chake kinabaki kweli. Tatizo la mtumba ni umri. Ndani ya ala kuna bomba la plastiki linalopitisha waya, na kwenye magari mengi kebo inashuka karibu na manifodi ya ekzosi. Plastiki ikipikwa miaka ishirini hukakamaa. Ikunje kebo iwe upinde mkubwa, kama ukingo wa sahani ya wali, kisha vuta waya wa ndani polepole na uuachie. Unatakiwa kwenda na kurudi bila kukwaruza. Ukihisi chembechembe, au waya ukisita unaporudi, iache hata kama ni ya bei ya kutupa, maana kebo inayosita kurudi inaacha presha juu baada ya mguu kuondoka, na gari litagonga kila linapoingia gia ya chini ukifunga breki.

Tazama nyuzi za waya pale zinapoingia kwenye ncha ya throtoli. Uzi mmoja uliokatika unatosha kuikataa. Tazama pia meno ya skrubu ya marekebisho, kwa sababu ala zilizogongwa wakati wa kung'oa giaboksi huwa na meno yaliyolala, na nati haitatembea.

Urefu ni habari nyingine. Giaboksi moja, mfano A340, ilifungwa nyuma ya injini nyingi tofauti, na kila injini ina kebo ya urefu wake na mkono wake wa throtoli. Kuomba "kebo ya A340" dukani hakutoshi. Nenda na kebo ya zamani, uilinganishe kwa vitu vitatu: urefu wa ala kutoka kwenye sahani ya giaboksi hadi mwanzo wa skrubu, umbo la kipipa cha ncha kinachoingia kwenye throtoli, na ndoano ya upande wa kamu. Kebo fupi italazimishwa kupita njia ya mkato na kukunjika kwa pembe kali. Ndefu italala juu ya ekzosi.

Kwa upande wa oringi inayoziba pale kebo inapoingia kwenye giaboksi, usiitegemee inayokuja na mtumba. Nunua mpya kwa vyovyote vile. Ni kitu cha senti, na ikivuja utadhani ni sili ya shafti.

Kuifunga

Kazi hii inamwaga mafuta, kwa hiyo andaa kama unayefanya sevisi. Ukifungua plagi na kushusha sampo ya A340 yanatoka kama lita 2 hivi; mengine yanabaki kwenye konvata na njia za ndani. Nyingi za miaka hiyo hutumia mafuta ya Dexron II au III, baadhi zinataka Toyota Aina T. Soma kijiti cha kupimia kabla ya kununua, kimeandikwa.

Sampo nyingi za A340 zimefungwa kwa gundi ya silikoni bila gasketi, na hazitoki kwa kuvutwa. Usizichokonoe kwa bisibisi kwenye ukingo, kwani ukingo ukipinda hautaziba tena. Ukishaishusha, tazama sumaku zilizo ndani. Unga mwembamba wa kijivu kama masizi ni wa kawaida. Vipande vya chuma vinavyong'aa, au mafuta meusi yenye harufu ya kitu kilichoungua, vinakuambia kwamba kebo mpya imechelewa, na pesa ya kebo heri iwekwe kwenye mfuko wa kufumua giaboksi.

Toa filta, na kwenye giaboksi nyingi za gurudumu la nyuma kamu itaonekana. Igeuze kwa kidole, chomoa ndoano ya kebo. Kwenye baadhi nafasi ni ndogo na itabidi vali bodi ishushwe. Hapo usithubutu bila kujua kila bolti imetoka wapi, maana urefu wake hutofautiana, na kuna springi zinazoanguka. Nje, kebo inashikwa na bolti moja na sahani yake. Ifungue, vuta kebo juu, ingiza mpya yenye oringi iliyopakwa mafuta ya giaboksi, pachika ndoano kwenye kamu, kisha vuta kutoka juu uone kamu ikigeuka na kurudi yenyewe.

Sasa ushanga, kama kebo ni mpya. Ipinde kebo iwe na upinde wa nusu kipenyo cha kama milimita 200. Vuta waya wa ndani kwa upole mpaka uhisi upinzani wa kwanza, ule mdogo kabisa, yaani kamu imegusa kazi yake na springi haijaanza kubanwa. Shikilia hapo. Sogeza stopa iwe milimita 0.8 hadi 1.5 kutoka kwenye mwisho wa ala, uibane kwa koleo. Fanya kazi hii mkiwa wawili. Mmoja avute, mwingine abane, kwa sababu anayefanya peke yake huvuta zaidi wakati akitafuta koleo, na kosa lake linadumu maisha yote ya kebo. Kubana upya stopa iliyokwisha kuponda waya hakushauriwi.

Bolti za sampo zinataka nguvu kidogo mno kuliko mkono wa gereji ulivyozoea: karibu Nm 7, sawa na kukaza kwa kifundo cha mkono bila bega. Futa gundi ya zamani yote, paka mpya mstari mwembamba, na usiijaze, maana inayotokeza ndani inaishia kwenye filta.

Kurekebisha

Kabla ya kugusa nati za kebo ya kikidauni, maliza habari ya kebo ya mafuta, ile ya pedali. Mtu mmoja akanyage pedali hadi mwisho, injini ikiwa imezimwa, mwingine atazame throtoli kama imefunguka yote. Mara nyingi haifunguki. Kapeti nene, mkeka wa raba uliowekwa juu ya mkeka, au kebo ya mafuta iliyolegea vinaiba sehemu ya mwisho ya pedali. Ukirekebisha kikidauni juu ya throtoli ya namna hiyo umerekebisha makosa.

Throtoli ikiwa wazi kabisa na pedali imeshikiliwa chini, pima nafasi kati ya mwisho wa buti ya raba na stopa. Inatakiwa iwe 0 hadi 1 mm. Ndiyo hiyo tu. Nafasi ikiwa kubwa kuliko hapo, kebo imekaza. Ushanga ukiwa umejificha ndani ya buti, imelegea. Legeza nati mbili, mara nyingi spana ya 12 au 14, sogeza ala, kaza nati ya pili huku umeishika ya kwanza. Pima tena baada ya kukaza, kwani nati ya mwisho hupenda kuburuta ala pamoja nayo. Buti iliyopasuka au iliyokunjika inadanganya kipimo, ibadilishe au ipime kutoka kwenye chuma cha ala.

Piga rangi au rangi ya kucha juu ya nati na meno ya skrubu baada ya kumaliza. Siku gari litakaporudi na malalamiko, utajua kwa jicho moja kama kuna mkono mwingine uliopita hapo.

Kebo ikilegea mno, presha inakuwa ndogo kuliko mzigo. Gia zinaingia laini, kwenye giaboksi za mafuta matupu zinaingia mapema, kikidauni haiji, na klachi zinateleza kidogo kila mara hadi ziungue. Ikikatika kabisa, presha inabaki ya sailensi, kama injini inaunguruma bila kukanyagwa, huku mguu uko chini, na giaboksi nzima inaweza kumalizika kwa safari moja ya milimani. Wamarekani wanalijua hili vizuri kupitia giaboksi ya GM 700-R4 iliyoanza kwenye magari ya 1982: nyingi zilifia kwenye kebo iliyofungwa vibaya.

Ikikaza mno, gari linaruka ukiweka D au R, gia zinagonga hata kwa mguu mwepesi, na kwenye za mafuta matupu injini inalia muda mrefu kabla ya kupanda. Kuna jingine linalosahauliwa. Kamu ndani ina mwisho wake. Kebo iliyokazwa inafika mwisho wa kamu kabla throtoli haijafunguka yote, pedali inakuwa ngumu, gari linakosa nguvu ya mwisho, na waya unavutwa kuliko uwezo wake. Kebo nyingi zinazokatika pale kwenye ncha zimekatwa hivyo.

Tunajua kwa nini kukaza kunapendwa. Giaboksi iliyochoka inateleza. Ukiongeza presha kwa kukaza kebo, utelezi unapungua siku hiyohiyo na mwenye gari anaondoka akishukuru. Klachi hazikupona. Zimebanwa kwa nguvu zaidi juu ya ngozi ileile nyembamba, na kila kishindo kinasafiri hadi kwenye joint za propela. Fundi anayefanya hivyo na kumweleza mteja kwamba ni ya kumfikisha mwisho wa mwezi, sawa. Asiyemweleza amemwuzia kelele.

Kuthibitisha

Joto kwanza. Mafuta ya giaboksi yapimwe yakiwa moto, nyuzi 70 hadi 80, injini ikiunguruma, baada ya kupitisha gia zote kutoka P hadi L na kurudi P. Yakiwa pungufu, kila kipimo kingine ni bure.

Kisha pima muda wa kuingia. Funga handibreki, weka vizuizi vya magurudumu, injini kwenye sailensi, na uwashe saa ya simu. Kutoka N kwenda D, mpaka uhisi mshtuko, isizidi sekunde 1.2. Kutoka N kwenda R, isizidi 1.5. Rudia mara tatu, ukipumzisha dakika moja kila mara, uchukue wastani. Zote mbili zikichelewa, presha iko chini: tazama mafuta, filta, kebo, kisha pampu. Moja tu ikichelewa, klachi au breki ya upande huo ndiyo ya kushukiwa, na nati za kebo ziache.

Mwenye geji ya presha, ya kufika angalau psi 300, ana bahati. Plagi ya kupimia iko ubavuni mwa giaboksi. Kwa familia ya A340, D kwenye sailensi huwa karibu psi 60, na R hupita hapo. Vuta kebo kwa mkono kidogo huku ukitazama sindano. Ikipanda vizuri na kushuka ukiiachia, kebo, kamu na vali vinafanya kazi. Kipimo cha kukanyaga mafuta na breki kwa pamoja kisizidi sekunde 5, na ukiwa na giaboksi yenye harufu ya kuungua usikifanye kabisa.

Kwa giaboksi za komputa, kuna soketi ya uchunguzi chini ya boneti ambayo wengi huipita tu. Unganisha waya kati ya pini za TE1 na E1, swichi ikiwa ON, injini imezimwa, kitufe cha O/D (overdraivu, gia ya nne) kimebonyezwa ndani. Taa ya O/D OFF ikipepesa mfululizo kwa mwendo mmoja, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ikihesabu 42 au 61 ni sensa za spidi. 62 na 63 ni solenoidi mbili za gia. 64 ni ya lokapu. Solenoidi nzima husoma omu 11 hadi 15.

Soketi hiyohiyo ina jambo bora zaidi. Weka voltimita kati ya TT, au T1 kwenye baadhi, na E1. Swichi ikiwa ON, kanyaga mafuta polepole: sindano inapanda kwa ngazi kutoka volti 0 hadi 8. Ukigusa breki ukiwa juu, inarudi sifuri. Ikiruka ngazi au ikikwama, sensa ya throtoli imechakaa au imefungwa vibaya, na hiyo ndiyo inayopanga muda wa gia kwenye magari haya. Volti ya sensa yenyewe huwa kati ya 0.3 na 0.8 throtoli ikiwa imefungwa, na zaidi ya 3.2 ikiwa wazi. Sensa inayosoma juu kuliko ukweli inaifanya komputa iamini umekanyaga sana, kwa hiyo inachelewesha kila gia. Dawa yake ni skrubu mbili na voltimita.

Ukipeleka waya ndani ya gari na kuendesha, voltimita hiyo inasoma amri: 0 ni gia ya kwanza, 2 ya pili, 4 ya tatu, 6 ni O/D, na 3, 5 au 7 ni lokapu ya gia iliyotangulia. Ukiona 4 imekuja lakini gia ya tatu inaingia baada ya sekunde mbili, komputa imeamuru na giaboksi ndiyo inayochelewa: presha, klachi au solenoidi iliyokwama. Ukiona 4 yenyewe ndiyo inachelewa, kebo haina kosa.

Vitu viwili vya mtaani kwetu huchanganya kabisa kipimo hiki. Cha kwanza ni thamostati iliyotolewa "ili injini isichemke". Komputa hairuhusu O/D wala lokapu mpaka maji yafike nyuzi 50 hadi 60 hivi. Asubuhi ya Mbeya au Limuru gari lisilo na thamostati linaweza kutembea kilomita nyingi bila gia ya nne, na kebo ya watu inakazwa na kulegezwa bure. Cha pili ni matairi makubwa kwenye Surf na Prado. Gurudumu kubwa linazunguka polepole kwa spidi ileile, giaboksi inaamini mwendo ni mdogo, na gia zinaingia kwa kuchelewa, iwe gavana au komputa. Kipimo cha 0 hadi 1 mm hakibadiliki kwa sababu ya matairi.

Kwa gari gani, aina ipi

Hiace na Corolla za mafuta matupu ndizo zinazostahili orijino kuliko zote, kwa sababu kwao kebo inashika presha na muda kwa pamoja. Surf na Prado za 1KZ-TE hupata mtumba kwa urahisi kwa kuwa giaboksi nzima huuzwa ikiwa na kebo yake inaning'inia. Mwombe muuzaji aing'oe mbele yako kutoka ndani ya sampo, asiikate kwa koleo pale juu. Kopi yenye ushanga unaoteleza, ala isiyokwaruza na urefu uliolingana inafaa kwenye giaboksi za komputa, na uipime upya baada ya wiki mbili. Corolla za gurudumu la mbele zina kona nyingi kabla kebo haijafika throtoli. Kopi hapo ndipo huanza kusita mapema zaidi, na hatuipendekezi.